Mfupa wa Akika

Mtoto wa shoga yangu alikufa kabla ya masika kuanza, na akika yake ikachinjwa mvua zilipokwisha kushika. Naandika habari ya akika hiyo kwa sababu ndani yake mfupa ulivunjika, na aliyeuvunja ni mimi. Wote waliokuwepo jikoni waliona na walisikia, kwa hiyo sina ninachokifichua. Ninachotaka ni kukielewa kilichofuata, na sina uhakika kama darasa langu la saba linanitosha kwa kazi hiyo.

Niseme kwanza mimi ni nani. Mimi ni Mpemba, nimezaliwa hapahapa Pemba, na ni Mkristo. Watu wa bara wakisikia hushangaa, na watu wa Unguja hushangaa zaidi. Wazee wa wazee wangu waliletwa utumwani kuchuma karafuu za watu. Walipoachwa huru walipokelewa na wamisionari, wakapewa kipande cha ardhi na dini. Ardhi nyingi imekwisha kwenda, dini imebaki kwetu sisi wachache. Kanisani kwetu wanaojaza mabenchi ni askari na walimu waliohamishiwa huku kutoka bara, nao wakishahamishwa tena tunabaki tunatazamana.

Majirani zangu wote ni Waislamu. Tunaazimana ungo, tunauguzana, tunazikana. Mume wangu alipokufa, wao ndio waliochimba kaburi. Walisimama nje ya uzio wa makaburi yetu mpaka padri alipomaliza sala zake, kisha wakaingia kufukia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu mbele nitaandika maneno makali niliyoambiwa jikoni, na sipendi msomaji adhani hayo ndiyo yote niliyoyapata kwao.

Shoga yangu nyumba yake na yangu zinatazamana. Mumewe hupakia mizigo bandarini Wesha, mtu wa maneno machache. Wanaishi na mama mzazi wa mume, yaani mavyaa wa shoga yangu, bibi kizee ambaye meno yamemwisha lakini ulimi umebaki. Walikaa miaka mingi bila mtoto, kisha wakampata huyo mmoja, msichana.

Mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu. Jina hilo tulilipata hospitali, kabla ya hapo tulikuwa tukisema tu kwamba mtoto ana mifupa. Maumivu yakimjia alikuwa akiukamata muundi wa mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Usiku mavyaa ndiye aliyekuwa akimsugua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na mimi nikilala upande wa pili wa njia nilikuwa nikimsikia bibi akimwimbia na mtoto akivuta pumzi kwa meno.

Siku ambazo alikuwa mzima alikuja kukaa chini ya cherehani yangu kuokota vipande vya vitambaa. Mimi nashona sare za skuli, kwa cherehani ya kukanyaga. Siku moja aliniuliza, "Bibi, cherehani yako nayo huumwa mguu?"

"Haiumwi. Kwa nini?"

"Mbona ukiikanyaga inalia?"

Nikacheka, nikaitia mafuta ili aone kwamba imenyamaza. Akaikagua, akasema, "Mie bibi hunitia mafuta na haunyamazi." Alikuwa na maana ya mguu wake.

Alikufa hospitali, asubuhi, mama yake akiwa amemshika. Shoga yangu aliniambia baadaye kwamba mtoto alimwomba amuondolee miguu. "Nitolee, mama, uiweke pale." Alionesha hata pa kuiweka, juu ya kabati la kitandani.

Sasa nieleze akika, kwa namna nilivyoelezwa. Mwenye dini yake anaweza kunisahihisha. Kwa wenzetu, mtoto akizaliwa huchinjiwa mbuzi. Mtoto huyo ni kama amewekwa rehani, na mbuzi ndiye anayemkomboa. Mtoto aliyekombolewa, akifa angali mdogo, huwangojea wazazi wake na kuwaombea. Mbuzi huyo hukatwa kwa kisu kwenye viungo tu. Mfupa hauvunjwi, kwa kutaraji kwamba mtoto naye atakuwa mzima wa viungo. Nyama ikishaliwa, mifupa hukusanywa, hufungwa kitambaa cheupe na kuzikwa.

Mtoto huyu hakufanyiwa. Alipozaliwa hali ilikuwa ngumu, ikasemwa mwakani. Mwakani ilipofika alikuwa ameshaanza kuumwa, na kila kilichopatikana kilikwenda kwenye safari za hospitali. Hapana aliyepuuza. Lakini baada ya maziko shoga yangu alianza kusema neno moja tu.

"Shoga, mwanangu yuko rehani."

"Nani kakwambia?"

"Mie najua. Nimemzaa, sikumkomboa."

Mumewe alikwenda kuuliza msikitini. Shehe alimjibu kwa upole kwamba wapo wanaosema akika ya aliyekwisha kufa inafaa na wapo wanaosema wakati umepita, lakini kuchinja na kulisha watu ni jambo la heri, na kama moyo wa mama utatulia, basi wachinje. Mbuzi akatafutwa, akapatikana kwa watu wa Konde, jike jeupe lenye mabaka ya kahawia shingoni.

Siku moja kabla shoga yangu alivuka njia akaja kukaa penye cherehani. Aliniambia kitu ambacho nadhani hakumwambia mtu mwengine. "Watu wanasema ataniombea. Mie sitaki aniombee. Nataka mifupa yake isimuume huko aliko. Basi."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka katika shughuli yote ile. Nililijua. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kujisamehe kwa urahisi, ingawa wengi wamenisamehe.

Ilikuwa Jumapili, na kwetu ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nilitoka kanisani na tawi langu la mnazi mkononi nikaenda moja kwa moja kwenye banda la kupikia. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa, wanawake wanalia macho bila msiba.

"Eh, bi mshoni, na kuti hilo? Kanisani mmeanza kuezeka?"

"Leo Yesu kaingia mjini, watu wakamtandikia matawi."

"Kaingia na gari gani?"

"Na punda."

"Na tope hili! Punda wa watu masikini."

Tukacheka, na shoga yangu naye akatabasamu. Niliona vizuri, kwa sababu lilikuwa tabasamu la kwanza tangu maziko.

Wanaume walikuwa wamekwisha kuchinja na kukata kwenye viungo. Nyama ilichemshwa vipande vikubwavikubwa, na kazi yetu ilikuwa kuitoa kwenye mifupa ili igawiwe kwenye masinia ya wali. Nikapewa beseni, kisu na kigoda. Mavyaa alikuwa amekaa mlangoni pa banda akitazama kila mkono unafanya nini.

"Bi mkubwa, tukutengee nyama ipi?" mmoja alimuuliza.

"Nyama naiwezea wapi miye? Siku hizi ninachokiweza ni uboho tu, naunyonya kama kitoto."

Wakacheka. Mimi, kila nikipika mifupa kwangu, humwekea yeye uboho. Ni mazoea ya miaka. Nampasulia mfupa juu ya jiwe kwa mgongo wa panga, naukung'uta kwenye kibakuli, natia ndimu na chumvi, namvushia. Huupenda kuliko kitu chochote.

Nilikuwa nimeshika muundi wa mguu wa nyuma, nyama yake imekwisha kutoka, mfupa mweupe, moto. Panga lilikuwa pale kwa ajili ya kuni. Jiwe lilikuwepo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nawaza nini na sikumbuki kama nilikuwa nawaza. Nililijua katazo. Niliambiwa asubuhi ileile, na hata kabla ya hapo niliwahi kusaidia akika za watu wengine. Mikono yangu tu ilisikia neno uboho kutoka kwa bibi yule ikafanya inavyofanya siku zote.

Mfupa ukasema *kah*.

"Umefanya nini weye?" Mavyaa alisimama, na yeye kusimama ni kazi.

"Bi mkubwa, nilitaka kukupa—"

"Mie nimekutuma? Ulimi wangu umesema vunja?"

"Kasahau, bi mkubwa," mmoja alisema.

"Kasahau nini?" mwengine alidakia. "Mtu hasahau cha kwake. Hili si lake, ndo maana halimkai."

"Tokeni hapa," mavyaa alisema. "Mkristo huyu kamvunja mtoto mguu. Kamvunja mtoto wetu mguu."

Nayaandika yalivyosemwa. Sidhani kama yalikuwa uongo. Mavyaa ndiye aliyekuwa akiushika mguu ule usiku, na huenda alisikia sauti ile ndani ya kiganja chake.

Shoga yangu aliingia na sinia tupu. Hapana aliyemwambia. Aliona muundi umelala juu ya jiwe vipande viwili na uboho unateremka. Hakupiga kelele. Aliokota vipande vyote viwili, akavifunga kwenye ncha ya kanga yake aliyojitanda, akaingia ndani, na hakutoka mpaka watu walipokwisha kula na kuomba dua na kwenda zao.

Alasiri ile ile mumewe alikwenda tena kwa shehe. Akarudi na jibu zuri, na nilifurahi kwamba alilileta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, kwa mtu ambaye angeweza kabisa kunikasirikia. Shehe amesema akika ni sahihi. Kilichotakiwa ni kuchinja kwa nia, na mfupa mzima ni jambo la kutaraji heri, wala si sharti. Msikasirikiane.

"Umemwambia mwenzako?" nilimuuliza.

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema, shehe hakumsikia mwanangu usiku."

Basi mifupa haikuzikwa. Mingine yote ilikusanywa kwenye kitambaa cheupe, na ule muundi ukabaki kando kwenye kanga, na mafurushi yote mawili yakawekwa ndani chini ya kitanda. Mumewe alisema azike, hakutaka. Mavyaa alisema azike, hakutaka. Mimi na shoga yangu tulikuwa tukikutana njiani tunaamkiana, lakini havuki njia kuja kwangu. Niliomba radhi, akasema amenisamehe, na nadhani alisema kweli. Nilifikiria kumnunulia mbuzi mwengine, kisha nikaona haya. Mbuzi wapo wengi, mtoto alikuwa mmoja.

Ikafika Ijumaa Kuu.

Ibada ya mateso huanza saa tisa alasiri, wakati watu wameshatoka kwenye swala ya Ijumaa na mji umetulia. Somo la siku ile ni refu, na nitasema ukweli, miaka mingi huwa nafika katikati yake mawazo yameshakwenda kwenye kazi za watu zinazonisubiri. Mwaka huu nilisikiliza, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kupeleka mawazo.

Msomaji, mwalimu mmoja kijana kutoka bara, alifika pale ambapo askari wanakuja kuwamaliza waliosulubiwa kabla Sabato haijaingia. Wanamvunja miguu wa kwanza. Wanamvunja miguu wa pili. Wanafika kwa Yesu, wanamkuta ameshakufa, hawamvunji. Nilishika benchi la mbele yangu. Kila mwaka hulisikia hili, tangu nikiwa mtoto, na lilikuwa likipita kama jina la mji wa mbali.

Padri akahubiri juu ya hilohilo. Alisema mwana-kondoo wa Pasaka wa Wayahudi nyama yake ililiwa na mfupa wake haukuvunjwa, na Yesu ndiye mwana-kondoo wa mwisho. Yeye ndiye kafara yetu, mara moja kwa wote, na baada yake hapana tena kuchinja. Alihubiri vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na mawazo ambayo sijui kama Mkristo anaruhusiwa kuwa nayo. Nilimwonea wivu shoga yangu. Yeye dini yake ilimpa cha kufanya, mbuzi wa kutafuta, kuni, chungu, kitambaa cha kufungia. Sisi tumeambiwa kila kitu kimekwisha kufanywa, tuamini tu, na kuamini hakuna pa kushika. Halafu nikawaza jengine baya zaidi. Mungu huyu, kwa nini ilibidi damu? Na kama mifupa ya mwanawe aliichunga isivunjwe, ya mtoto wa jirani yangu mbona aliiacha ikauma miaka yote ile? Niliogopa swali langu. Nikainamisha kichwa ili wenzangu wadhani naomba.

Nikiwa nimeinama ndipo nilipowakumbuka wale wawili. Wao miguu yao ilivunjwa. Na mmoja wao, mwizi, si ndiye aliyeahidiwa?

Ibada ilipokwisha nilimngoja padri mlangoni. "Padri, wale wawili waliovunjwa miguu."

"Ndiyo, mama."

"Yule aliyeahidiwa pepo, aliahidiwa kabla ya kuvunjwa au baada?"

Padri alikuwa ameshavua joho, amelikunja mkononi. Akatazama chini akihesabu mambo kichwani. "Kabla. Ahadi alipewa Yesu angali hai. Miguu ilivunjwa Yesu ameshakufa."

"Basi yule kaingia peponi akiwa amevunjwa."

"Siku ileile," alisema. "Kwa nini unauliza?"

Nilimweleza habari ya akika yote, pale penye ngazi, mvua ikianza kudondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata nilipofika kwenye panga. Kisha akasema, "Nenda ukamwone. Lakini mama, usiende kumhubiria. Hana haja ya kushindwa kwengine."

Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa sababu faraja niliyoipata, kama ilikuwa faraja, ilijengwa juu ya jambo ambalo shoga yangu anaamini halikutokea kabisa. Kwao Nabii Isa hakusulubiwa. Kumpelekea habari ya mwizi msalabani ni kama kumpelekea mtu maji ndani ya chombo asichoweza kunywea. Nilifika mlangoni kwangu, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Mwisho nikavuka.

Mavyaa alikuwa barazani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nyeupe na nyeusi zote umezivaa. Unatoka kuzika?"

"Natoka kanisani. Leo tunakumbuka kifo cha Yesu."

"Nasikia leo mnamuua, Jumapili mnamfufua."

"Inshallah, bi mkubwa."

Alijizuia asicheke, akashindwa. "Eti inshallah! Ingia huko. Yumo ndani, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Shoga yangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mafurushi mawili yalikuwa mbele yake, jeupe na la kanga. Sijui kama alikuwa ameyatoa siku ile tu au ndivyo alivyokuwa akikaa nayo kila siku.

"Umekuja kuniomba radhi tena?"

"Hapana. Nshaomba."

"Basi kaa."

Nikakaa. Maneno niliyoyapanga yote yalinipotea, nikasema lililobaki. "Leo kanisani imesomwa habari ya watu waliovunjwa miguu."

Akainua macho. "Nani kawavunja?"

"Askari. Walisulubiwa pamoja na Yesu, mmoja huku, mmoja huku."

"Shoga, mie siamini kwamba Nabii Isa kasulubiwa. Wajua."

"Najua. Sikuja uamini. Nakwambia habari ya mwizi."

"Haya. Mwizi."

"Mmoja wa wale alikuwa mwizi. Akaahidiwa pepo, siku ileile. Baada ya hapo ndo wakamvunja miguu."

"Kwa hiyo kaingia peponi na miguu imevunjika?"

"Kaingia. Miguu ilikuwaje alipofika, sijui. Haikuandikwa."

Nje nilimsikia mavyaa akikohoa karibu na dirisha, na ni wazi alikuwa amesogea ili asikie.

"Alilia, huyo mwizi, walipomvunja?"

"Hilo pia halikuandikwa."

"Atakuwa hakulia," alisema. "Mfupa ukiuma hasa, mtu hawezi kulia. Huvuta pumzi tu." Akavuta pumzi kwa meno, vilevile alivyokuwa akivuta mtoto. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na Bi Maryamu? Katika habari yenu, yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Kasimama chini ya msalaba."

"Anatazama?"

"Anatazama."

Alitikisa kichwa. "Sisi twasema Mungu hakumfanyia hayo. Mwanawe kanyanyuliwa, hata mkono wa mtu haukumgusa. Nilipokuwa mdogo nikisomeshwa Kurani chuoni, nilifurahi mwalimu alipofika hapo. Nikasema, ahsante Mungu, mama wa watu hakuoneshwa." Akashika kitambaa cheupe. "Basi Bi Maryamu kaepushwa. Mie kanionesha kwa nini?"

Padri angekuwepo labda angekuwa na jibu, au shehe. Nilichokuwa nacho ni kile tu tulichopewa sisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikiona ni cha nini. Siku zote nilidhani msalaba ni malipo, kwamba kulikuwa na deni mahali fulani likalipwa kwa damu, na moyoni sikulipenda jambo hilo ingawa niliimba nyimbo zake. Pale kwenye mkeka niliona huenda ni jambo la watu ambao hawakuepushwa. Sijui kama ndiyo imani sahihi. Naandika nilivyoona.

"Kwetu hakuepushwa," nilimwambia.

"Bi Maryamu?"

"Yeye, na mwanawe. Na Mungu hakujiepusha mwenyewe."

"Astaghfirullah! Hilo la mwisho usilisemee ndani ya nyumba yangu."

"Nisamehe."

Akalirudia lile la kwanza peke yake, polepole. "Hakuepushwa." Macho yake yalikuwa yamekwenda mbali, yanamtazama mwanamke wa hadithi asiyoiamini. "Maskini mama wa watu."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, alivyokuwa hajalia hata siku ya maziko. Sikumgusa. Sikujua kama mkono wangu ungekuwa mwema juu yake au ungemkumbusha panga. Mavyaa aliingia akiburura miguu, akamkalia karibu, akakiweka kichwa cha mkaza mwanawe mapajani.

"Mie ndiye niliyesema nauweza uboho," bibi alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Ningenyamaza mdomo wangu. Nimeisugua miguu ile mpaka ngozi ya viganja ikanitoka, halafu nikakaa mlangoni kutamani uboho."

"Mama, hukutuma mtu," shoga yangu alimwambia akilia.

"Sikutuma. Lakini nilitamani."

Tulikaa hivyo sote watatu. Nilitaka kumwambia bibi kwamba kosa ni langu, lakini niliona kama nikilidai lote ningemnyang'anya kitu, nikaliacha.

Kwa wenzetu wanawake hawaendi makaburini kuzika. Shoga yangu alimwosha mwanawe, akamvisha sanda, kisha wanaume wakamchukua, na yeye akabaki mlangoni. Mkono wake haukutia hata chembe ya mchanga. Nadhani ndilo alilolikumbuka, kwa sababu alipofuta uso alisema, "Leo mume wangu asije kunisaidia. N'tazika mwenyewe."

"Mvua inarudi," mavyaa alisema.

"Na irudi."

Tulitoka nyuma ya nyumba, upande ambao maji hayasimami. Jembe nilishika mimi, kwa kuwa yeye hakuwa amekula, na udongo ulikuwa laini. Alitia mkono kupima, akanisimamisha kina kilipomfika kwenye kiwiko, akapiga magoti. Alifungua kitambaa cheupe, akafungua na kanga, akavitazama vile vipande viwili vya muundi. Akajaribu kuviunganisha. Havikushikana, palikuwa na kijipande kilichopotea jikoni siku ile. Akaviweka hivyohivyo pamoja na mingine, akafunga fundo moja.

Mavyaa alisoma alichokuwa akisoma kwa midomo. Mimi niliomba kimoyomoyo kwa jina ninaloombea mimi, na sikuona kwamba namwibia mtu.

Shoga yangu alilishusha furushi kwa mikono miwili. Kabla ya kufukia aligeuka akaniangalia, uso umejaa maji.

"Itafaa?"

Ningeweza kumwambia kwamba shehe amesema inafaa. Ningeweza kumwambia habari ya mwizi tena.

"Sijui, shoga."

"Na mie sijui," alisema, akaanza kurudisha udongo kwa viganja. Mvua ikatukuta hapo. Bibi alikataa kuingia ndani, akajitanda kanga kichwani, na tukamaliza tukiwa tumelowa.